Injini Mlangoni mwa Jiko

Wiki jana jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, alitoa injini ya pikapu yake ndani ya kiwanja. Sikuambiwa na mtu. Niliinusa nikiwa kitandani: dizeli, grisi nzee, na maharagwe ya mtu yaliyokuwa yakishika chini ya sufuria. Nikavaa slipa nikaenda hadi kwenye pazia, maana hiyo ndiyo safari ndefu ninayofanya siku za Jumamosi, nikachungulia. Mmoja alikuwa chini ya gari. Wengine walikuwa wamesimama wima, mikono nyuma, shingo mbele, kama wazee wa kanisa wanaoutazama mwili wa mtu ambaye hakuwa akitoa sadaka. Hakuna aliyeshika spana. Kila mmoja alikuwa na maoni.

Nikarudi kulala, lakini usingizi ulikuwa umeshanikimbia. Nyinyi wa rika langu, mnaoguna siku hizi mkiinuka kwenye kochi, mnajua vile harufu inaweza kumshika mtu kola na kumrudisha alikotoka. Mimi ilinirudisha Sachangwan, kwenye baridi, kidonda kwenye goti na kisu cha kumenya viazi mkononi.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya barabara kuu, pale ambapo malori yanayopanda kutoka Salgaa hupumua kama watu wenye pumu. Wanaume wa pale walikuwa wakijua malori kwa sauti. Mtu amelala, blanketi hadi puani, anakwambia hilo ni lori la fulani, limebeba mbao, na dereva amechelewa kubadilisha gia. Waliichukulia hiyo kuwa elimu. Hata mimi niliichukulia hivyo, na kwa kuwa baba yangu alikuwa na lori lake mwenyewe, nilidhani sisi ni familia ya wasomi.

Lori lenyewe lilikuwa la rangi ya samawati iliyokuwa imechoka, mlango wa abiria umefungwa kwa waya. Siku moja lilikohoa kwenye mteremko, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Trakta ikalivuta hadi nyumbani. Baba akafungua boneti, akaangalia, akafunga taratibu kama anayefunika mtoto. Injini ilikuwa imekwisha, akasema. Ilihitajika nyingine.

Ingekuwa msimu mwingine wowote, lori lingekaa hapo na kuku wangetaga ndani. Lakini mama alikuwa na viazi Kuresoi. Alikuwa amekodi shamba kule, akalima, akapanda, akanyunyizia dawa ya baridi, ule ugonjwa unaounguza majani, na sasa viazi vilikuwa tayari ardhini vikimngoja. Mvua kubwa nayo ilikuwa inakuja. Mtu anayeijua Kuresoi anajua kwamba mvua ikishaingia vizuri, barabara inageuka uji, na mabroka wanalijua hilo kuliko wakulima. Wanaegesha magari yao kwenye lami, wanakunywa chai, wanangoja. Ukifika pale na viazi vyako bila usafiri wako, wanakulazimisha kujaza lumbesi, lile gunia lililoshonewa gunia jingine kichwani, na bei wanakutajia wakiangalia kando.

Miaka yote viazi vya mama vilikuwa vikiishia kwa hao watu, kwa sababu miaka yote lori la baba lilikuwa mahali pengine likibeba viazi vya wanawake wengine. Msimu huu baba alikuwa amemwahidi mbele yetu watoto, mezani, kijiko mkononi: viazi vyako vitapelekwa sokoni Nakuru na lori la nyumbani. Baadaye nilimsikia mama jikoni akiimba wimbo wa kanisa na kuruka ubeti wa toba.

Kulikuwa na gereji moja Nakuru ambayo ingebadilisha injini hiyo kwa muda mfupi tu. Baba alikuwa karibu kukubali. Ndipo akaja Anko Josphat.

Anko Josphat alikuwa ndugu mdogo wa baba. Aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya uchukuzi mjini, hadi siku walipoachana, na ukimsikiliza yeye, ni kampuni iliyobaki ikilia. Alivaa koti la fundi la rangi ya kaki lililopigwa pasi hadi mistari ya mikono ikawa inaweza kukata mkate. Mfukoni kalamu. Alizunguka lori mara kadhaa bila kuligusa, akaguna, kisha akamwambia baba kwa huruma:

"Gereji ni ya watu hawana ndugu."

Hapo baba alikuwa ameshakwisha. Mwanamume wa kwetu unaweza kumwambia hana akili akacheka, lakini si kwamba hana ndugu. Anko akaendelea kwamba injini ni bolti tu. Bolti zikitoka, zinarudi. Tutaitoa hapa hapa nyumbani, tutaweka ile nyingine, na viazi vya shemeji vitapanda gari vikiwa bado na umande.

Injini nyingine ikaletwa kutoka kwa muuza vyuma chakavu mjini, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Pamoja nayo wakaja watu. Sijui nani aliwaita. Sachangwan mtu akifungua boneti kwake, wanaume wanajitokeza kama siafu baada ya mvua. Kulikuwa na dereva aliyestaafu, kulikuwa na mwenye trakta, kulikuwa na shemasi mmoja ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, na vijana wawili watatu wa stendi ambao walimwita baba bosi na kumwita Anko injinia.

Sasa, kwetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayeivunja: mtu akifanya kazi kwako, anakula kwako. Hata akifanya kwa macho. Chai ya asubuhi na maandazi, chakula cha mchana cha kushiba, chai tena jioni ya kuagana. Mwanamke akiacha watu waondoke nyumbani kwake na njaa, habari hiyo inafika kanisani kabla yake. Kwa hiyo mama alipika. Githeri ya mahindi na maharagwe, kabeji, ugali wa kusindikizia, viazi. Mimi nilikuwa wa kumenya, na nilikuwa namenya vizuri, hadi leo hicho ndicho cheti changu cha pekee ambacho sijawahi kuaibika nacho. Cha Form Four nimekificha chini ya godoro.

Nilipenda siku zile, sitawadanganya. Nilikuwa na wageni kila siku na sikuhitaji kutoka nyumbani kwenda kuwatafuta. Na nilimpenda Anko Josphat zaidi ya wote. Katika akili yangu yeye ndiye alikuwa mkubwa wa kazi ile kwa sababu alikuwa safi. Nilikuwa nimeona daktari hospitalini Molo akiwa safi na wahudumu wakiwa wamechafuka. Nilikuwa nimeona mwalimu mkuu akiwa safi na walimu wamejaa chaki. Kwa hiyo niliona vijana waliopakaa grisi hadi kwenye kope, nikaona Anko asiye na hata doa, nikajua. Nikawa namwekea nyama kubwa chini ya ugali ili wengine wasiione. Yeye alikuwa akiipata, ananikonyeza, na mimi nilirudi jikoni nikiwa na furaha ya mtu aliyechangia maendeleo.

Na mama alikuwa jikoni. Aliingia na kutoka, akipuliza moto, akikwangua sufuria. Walimchukulia chujio lake la chai wakachujia dizeli. Wakamchukulia sufuria ya maandazi wakaweka bolti ndani. Wakachana shuka lake wakawa wanafutia mikono. Hakusema kitu. Nilidhani ni heshima. Nilidhani mama naye, kama mimi, amevutiwa na utaalamu.

Kuchagua miti tu kulichukua siku nzima. Walitaka miti mitatu ya blugamu ya kusimamisha kama mafiga, vichwa vifungwe pamoja, halafu mnyororo wa kuinulia uning'inizwe katikati. Anko aliikataa miti ya kwanza kwa kuwa ilikuwa michanga, na ya pili kwa kuwa ilikuwa mizee. Ya tatu ilikuwa sawasawa na ya kwanza, lakini ilikuja baada ya chakula. Mahali pa kuisimamisha pakawa mbele ya jiko la mama, kwa sababu pale ndipo pasipokuwa na mteremko. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mbao peke yake, mbali kidogo na nyumba kubwa, na mlango wake ulifungukia nje, maana ndani palikuwa padogo.

Injini ikatoka. Lazima niseme ilikuwa kitu cha kuona. Mnyororo ulilia, lori likainuka kidogo puani kama linaloaga, na lile donge jeusi likapanda hewani likidondosha mafuta. Wanaume wakapiga makofi. Wakalisukuma lori nyuma. Halafu wakakaa chini kujadili injini ile nzee itawekwa wapi.

Mwenye trakta alisema iwekwe juu ya matairi. Shemasi alisema matairi yatashika maji, iwekwe juu ya mbao. Dereva mstaafu alitaka ipelekwe nyuma ya choo. Anko Josphat alisema haiwezi kuwekwa tu mahali popote, injini ni kitu cha kuheshimiwa, na kwa vyovyote vile chai ilikuwa tayari. Ikabaki inaning'inia. Siku iliyofuata ikabaki inaning'inia. Nilipomuuliza Anko kwa nini, aliniambia inapumzika, kwa kuwa imefanya kazi miaka mingi. Nikaamini. Kila nilipopita hapo na beseni la maganda nilipunguza sauti na kutembea kwa vidole ili nisiiamshe, na vijana wa stendi walikuwa wakinitazama wakiziba midomo.

Mama yeye alikuwa akiizunguka. Kila safari ya kuingia jikoni ilikuwa ni kupinda mgongo chini ya mti mmoja wa blugamu, sufuria mkononi, na kuruka dimbwi la mafuta. Jioni moja alisimama hapo, akaangalia mawingu yaliyokuwa yamekaa upande wa Kuresoi, akamwambia baba maneno matatu tu.

"Baba Naomi. Viazi."

Naomi ni mimi. Baba alisema kesho. Anko Josphat, akiwa amelaza kijiti kati ya meno, akamsaidia ndugu yake:

"Shemeji, mashine haiharakishwi. Ukiharakisha mashine inakuaibisha barabarani."

Wenzake wakatikisa vichwa. Jambo zito lilikuwa limesemwa.

Mvua ya mawe ilipiga alasiri iliyofuata. Mama alikuwa amemaliza kuwapelekea chai sebuleni, walikokuwa wamekimbilia baada ya tone la kwanza, na githeri ya jioni ilikuwa inatokota jikoni. Mawe yalipiga mabati hadi hatukusikiana. Mimi nilikuwa dirishani, kwa hiyo ni mimi niliyeona. Ardhi ilikuwa imelainika, na miguu ya ile miti ikaanza kuteleza kila mmoja upande wake, polepole, kama ng'ombe anayetaka kulala. Haikuanguka, mtu asije akawaambia ilianguka. Ilikaa. Injini ilishuka kwa adabu hadi chini, ikaegemea mlango wa jiko, na miti ikalala juu yake.

Nilisema, "Anko, injini imekaa." Anko alisema ni sawa, akaomba sukari.

Mvua ilipopungua tulitoka wote. Mlango wa jiko haukufunguka hata kwa upana wa kidole. Ndani githeri ilikuwa inaanza kuungua. Moshi ulitoka kwenye mianya ya mbao ukiwa na ile harufu ya maharagwe yaliyokata tamaa. Mama akasema kwa utulivu kwamba ubao mmoja au mbili za ukutani zing'olewe, apitie hapo. Anko Josphat akazunguka jiko kama alivyozunguka lori siku ya kwanza. Akaeleza kwamba ukuta ukiguswa kibanda chote kitahama. Akaeleza kwamba injini yenyewe haiwezi kuguswa hadi ardhi ikauke na miti mingine ipatikane. Halafu akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"Huyu fundi wa mlango ndiye alikosea. Mlango wa jiko unafaa kufungukia ndani." Akageuka kwa mama. "Sasa shemeji, chakula itatoka saa ngapi?"

Mama alimwangalia. Nimeshaangaliwa na mama kwa njia nyingi maishani, lakini ile sijawahi kuangaliwa, na namshukuru Mungu. Kisha akaenda kwa jirani kuomba ugali wa sisi watoto.

Asubuhi alikuwa ameondoka. Gambuti zake hazikuwa mlangoni, wala jembe lake. Baba alisema yuko shambani, na mimi sikumwamini, kwa sababu nilikuwa nimewasikia wanawake kwenye mashine ya kusaga wakisema mwanamke akichoka anarudi kwao, na mume huwaambia watoto yuko shambani. Nikajua mama amerudi kwao. Nikalia, nikamweleza dada yangu mdogo, naye akalia, tukakaa kwenye ngazi tukilia pamoja na kugawana kipande cha muwa. Nilijaribu kufikiria maisha yetu bila yeye, na nilichoweza kuona ni mimi nikimenya viazi hadi uzeeni bila mtu wa kuvipika. Hapo sikukosea sana. Mpishi tu ndiye amebadilika, sasa ni mimi mwenyewe.

Wanaume walikuja saa zao za kawaida. Walikaa kwenye benchi. Walitazama mlango wa jiko, wakaitazama barabara, wakakohoa. Saa ya chai ilifika ikapita. Dereva mstaafu akakumbuka ana dawa nyumbani. Shemasi akakumbuka kuna mgonjwa wa kutembelea. Vijana wa stendi hawakukumbuka chochote, waliondoka tu. Adhuhuri walikuwa wamebaki mwenye trakta, ambaye trakta yake ilikuwa imezibwa na lori, na Anko, na baba.

Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Anko Josphat alivua koti lake la kaki, akalikunja, akaliweka juu ya benchi. Akakunja mikono ya shati. Akashika mtaimbo.

Injini iliyokuwa haiwezi kuguswa iliguswa. Waliiviringisha juu ya vipande vya bomba hadi nyuma ya choo, mahali alipotaka dereva mstaafu, na haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Miti ile ile ikasimamishwa tena, safari hii juu ya mawe bapa ili isiteleze. Kisha Anko akaingia chini ya lori. Alikuwa anaita spana kwa namba bila kutazama. Alijua bolti ipi ni ya wapi kwenye sufuria ya maandazi kwa kuipapasa tu. Hakutoa hotuba. Mlango wa jiko ulikuwa wazi sasa, lakini wote watatu walikuwa wakiuchungulia kwa mbali tu, kama watu wanaochungulia ndege isiyo na rubani, wanarudi kazini. Jioni ya siku iliyofuata injini mpya ilikuwa imekaa mahali pake, mabomba yamefungwa, maji yametiwa. Baba akapiga stata. Lori likaguna, likapiga chafya, likashika.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii nikisema Anko alikuwa mjinga. Nilikuwa nafurahia kusema hivyo kwenye harusi, na watu walicheka. Lakini mtu mjinga huwezi kumchukia, unamhurumia na kumwekea nyama. Anko Josphat alijua. Alikuwa anajua siku ile ya kwanza alipolizunguka lori na kalamu mfukoni. Kazi ile ilikuwa ya siku mbili za mtu mwenye njaa, na yeye aliifanya iwe ya msimu kwa sababu kulikuwa na benchi, kulikuwa na watu wa kumwita injinia, na kulikuwa na mwanamke ambaye angepika hadi mwisho wa dunia bila kuuliza. Ile mikono safi haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya mgeni.

Kesho yake tukaenda Kuresoi. Wote walirudi, sijui waliitwa na nini, labda na mlio wa injini. Walijazana nyuma wakishikilia vyuma, shemasi akiwa mbele kabisa, upepo ukimpiga usoni kama mkombozi wa mahali fulani. Mimi nilikaa kati ya baba na Anko. Anko alikuwa amevaa koti lake tena. Tulipopita Molo alimwambia baba apige honi, na baba akapiga, na watu wasiotujua wakageuka.

Barabara ya kwenda shambani ilikuwa imeshakuwa ule uji. Tuliliacha lori tukashuka kwa miguu. Upande wa juu wa shamba ulikuwa umechimbwa wote, udongo umegeuzwa vizuri. Upande wa chini maji yalikuwa yamesimama kati ya matuta, na harufu iliyotoka hapo, wenye kuijua harufu ya kiazi kilichooza ardhini hawahitaji kuambiwa, na wasioijua wabarikiwe. Mwanamke mmoja mwenye shamba jirani alikuwa akichota maji kwa debe. Baba akamsalimu na kumuuliza kuhusu mama.

Akasema Mama Naomi ameondoka asubuhi ile ile. Alikuwa hapo siku zote hizo, analala kwa huyo jirani wa shamba, wanachimba pamoja na wanawake wengine kuanzia giza hadi giza. Walichokitoa kilibebwa na punda hadi kwenye lami. Cha chini kilishindikana, maji yaliwatangulia.

"Na hivyo vilivyotoka?" baba akauliza.

"Vimechukuliwa na mabroka. Lumbesi. Angefanya nini?" Akamtazama baba, akawatazama wanaume waliopangana nyuma yake. "Kwani mlikuwa wapi?"

Anko Josphat ndiye aliyejibu, na alijibu kwa fahari ya kweli.

"Tulikuwa tunafunga injini, mathe."

Yule mwanamke akainua macho hadi juu barabarani ambako pua ya lori ilikuwa ikionekana. 

"Ni nzuri," akasema, akarudi kwenye debe lake.

Tulirudi na lori tupu. Lori tupu lina kelele zaidi ya lililobeba. Kila chuma kinasema lake. Tulipopanda kuelekea nyumbani, dereva mstaafu akasema injini inavuta vizuri, na mwenye trakta akakubali, na kufikia kwenye lango la kwetu walikuwa wameshachangamka, kila mmoja akieleza ni bolti gani yeye aliyoshauri.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko. Niliruka kabla lori halijasimama. Mama alikuwa ndani, matope yamemkaukia hadi juu ya magoti, mikono imechubuka, anachochea moto. Alinishika kichwa, akanivutia tumboni mwake, akaniachilia. Hakuwa amerudi kwao. Nje wanaume walikuwa wameshajipanga kwenye benchi, kwa mpangilio wao wa siku zote, Anko Josphat mwisho karibu na mlango. Mama aliwachungulia.

"Wanawishe mikono," akaniambia.

Nikachukua jagi la maji moto, beseni na sabuni, taulo begani. Nilianza na mzee na kumalizia na mdogo, kama nilivyofundishwa. Kila mmoja alinyoosha mikono, nikamimina, akasugua. Anko alisugua hadi kwenye viwiko na kuniuliza kwa sauti ya chini kama leo kuna nyama. Kisha shemasi akaombea chakula. Aliomba vizuri, akakumbuka hata injini.

Wakangoja. Mtu aliyenawa huweka mikono yake mbele, vidole wazi, mbali na suruali, asije akachafuka tena. Walikaa hivyo wote, mstari mzima.

Ndani, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwona akila ameketi. Mbele yake kulikuwa na sahani ya viazi vya kuchemsha, vile vidogo vidogo ambavyo broka huvirusha kando, na chumvi. Alinisogezea kigoda cha pili na kumpakata dada yangu.

"Mama, umesahau chakula cha watu," nikasema.

"Sijasahau."

Akamenya kiazi, akanipa. Kilikuwa cha moto hadi nikakihamisha mkono huu na huu. Tulikula. Nje benchi lililia, mtu akiinuka. Baada ya muda likalia tena. Nilimsikia Anko Josphat akisema kitu kuhusu kuchelewa, na viatu vyake vikashuka kuelekea barabarani, na hakuna aliyemwita arudi. Likalia tena, na tena, kisha likatulia, na nikajua amebaki mmoja.

Mama alikula viazi vyake vyote bila haraka. Ndipo akasema:

"Mwambie baba yako chakula yake iko hapa. Akuje achukue."

Nikamwambia. Baba alikuja hadi mlangoni, mikono imeshakauka kitambo, bado ameishikilia mbele. Ilibidi ainame kuingia, mlango ule ulikuwa mfupi. Alisimama katikati ya moshi akitafuta pa kukaa. Hakukuwa na kigoda cha tatu. Akachuchumaa pale chini karibu na maganda, mama akamsogezea sufuria na kisu, naye akachukua kiazi kimoja na kuanza kukimenya, vibaya sana.